Saa Iliyogonga kwa Upole

Ukumbi wa mnada ulifurika watu Jumamosi ile, na dalali alikuwa akipayuka kama mtu anayefukuza kuku. Dada mmoja muuza miwani, gauni lake la njano limepigwa pasi likanyooka, alishainua mkono mara tano. Kila alipouinua, kuna mtu nyuma alimjibu. Akageuka kwa hasira. Alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati kaikunja, kucha nyeusi kwa mafuta ya mashine, macho kayakodoa kwenye saa ya ukutani ileile aliyoitaka yeye.

Dada akainua mkono mara ya sita. Yule kijana akashusha wake.

"Kaka, mbona umeniachia?" alimuuliza nje, saa kaikumbatia kifuani.

"Ulikuwa unatetemeka, dada. Nikaogopa ukianguka nitasingiziwa mimi."

Akacheka bila kutaka. Kijana akasema yeye ni fundi saa, na angeitengeneza aiuze. "Wewe unaitakia nini?"

"Ni ya kwetu. Huu mkwaruzo mlangoni niliuchora mimi kwa msumari, nina miaka sita."

Akamweleza yote palepale, na watu wanawapiga vikumbo. Baba yake alifariki akaacha saa hiyo. Shangazi akaiuza wakati mama amelazwa hospitali. Mama alitoka huko amepoteza uwezo wa kuona, na kitu cha kwanza alichoulizia ni saa. Alisema akiisikia ikigonga, hata bila macho atajua yuko kwake.

"Niletee," fundi akasema. "Imenyamaza tu, haijafa."

Akampelekea. Baada ya hapo akawa anapita karakana kila jioni, eti kuiangalia saa. Fundi akambandika jina la Miwani, na simu zikawa haziishi.

"Miwani wangu, leo nimesafisha gurudumu la tatu."

"Wenzako wakiwapigia wapenzi wao huwaambia maneno matamu."

"Sina tamu kuliko hilo."

"Unapenda magurudumu wewe!"

"Na mwenye saa pia. Mbona kimya? Miwani? Upo?"

Alikuwepo, mdomo kauziba kwa mkono asisikike akicheka. Alikuwa amependa, na alijua.

Mama alikuwa ahamie kwake Jumapili. Jumamosi alasiri fundi akaja, akaitundika saa sebuleni, akaitia ufunguo, akasogea pembeni kifua mbele. Ilipofika saa kumi ikagonga mara nne, sauti kali, nyembamba, ikalia mpaka glasi mezani zikaitikia.

Miwani akatikisa kichwa.

"Hii siyo sauti yake. Yetu ilikuwa inagonga chini chini. Umeifanya nini?"

"Nimeitengeneza! Waya wa nyundo ya kugongea ulikuwa umepinda, na nyundo imefungwa kijipande kichafu cha ngozi. Nikakitoa, nikaunyoosha waya. Fundi gani angeacha vile? Haina kasoro hata moja."

"Ndiyo kasoro yake hiyo! Nilikuomba itembee. Nani alikutuma uibadilishe sauti?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza! Kesho mama anakuja kusikia nini? Nenda. Tafadhali, nenda."

Akaondoka bila kuaga. Jioni ile simu iliita mara saba, na mara zote saba Miwani akaiangalia tu mpaka ikakatika.

Siku ya pili mama alifika, akakalishwa kwenye kochi chini ya saa. Ikagonga saa tisa, mara tatu, na uso wa mama uliokuwa umeanza kutabasamu ukafifia.

"Mwanangu, umeuziwa saa ya watu."

Miwani akakichukua kidole cha mama, akakipitisha kwenye mkwaruzo.

"Mbao ni zetu," mama akasema. "Sauti siyo. Baba yako aliipunguza makali ulipozaliwa. Kila ikigonga ulikuwa unashtuka, unalia mpaka unaishiwa pumzi. Akakata ulimi wa kiatu chake, akaifunga nyundo, akaupinda waya. Kiatu kile alikivaa hivyohivyo bila ulimi mpaka kikaisha."

Miwani hakuwa amelijua hilo. Aliingia jikoni akalia, kisha akapiga simu huku akiomba moyoni.

"Kile kingozi ni cha kiatu cha baba. Ulikitupa?"

"Fundi hatupi kitu kilichotoka ndani ya saa ya mtu. Kipo kwenye bahasha, nimeandika na tarehe." Fundi akasita. "Lakini Miwani, waya ule ni mzee, na nimeshaunyoosha mara moja. Nikiupinda tena unaweza kukatika. Ukikatika nitaweka mpya, ila sauti ya baba hatutaipata tena."

"Njoo."

Alifika na shati la jana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeifundisha saa yangu kupiga kelele?"

"Ni mimi, mama."

"Afadhali hukani. Haya, nitakuelekeza kwa sikio."

Fundi akafunga kingozi kwenye nyundo, akashika koleo. Miwani akamulika tochi. Fundi akapinda kidogo, akainua nyundo kwa kidole, akaiachia.

"Bado kali," mama akasema.

Akapinda tena. Waya ukalia, krii.

"Bado."

Fundi akalifuta jasho. "Nikizidisha hapa, sijui."

"Endelea," Miwani akanong'ona. "Nakuamini."

Akapinda, taratibu, macho kayafumba. Akaiachia nyundo. Ikagonga chini, nzito, ya upole.

Mama akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Hapo. Usiiguse tena."

Fundi akatoa penseli. Ni desturi ya mafundi saa, kila anayeifungua saa huandika ndani ya mlango wake tarehe na kazi aliyofanya. Aliandika kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Nisomeeni," mama akasema.

Miwani akasoma: "Leo nimerekebisha kosa langu. Utakayeifungua baada yangu, usiiguse nyundo kabla ya kuwauliza wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?" akamuuliza fundi.

"Mama. Wewe." Fundi akatazama viatu vyake. "Na mimi, ukinikubali."

Saa ikafika saa kumi. Waliisikiliza ikigonga mara nne. Kisha Miwani akachomoa ufunguo wa saa kwenye tundu lake, akamtumbukizia kwenye mfuko wa shati.

"Inatiwa ufunguo kila Jumapili," akamwambia. "Ole wako uchelewe."