Mungu wa Jua Bandani kwa Josephina

Runinga ilikuwa ya moto. Josephina aliigusa akifuta vumbi, akaurudisha mkono haraka, maana umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Bigwa tangu jana yake. Akajiambia ni joto la bati, akaendelea kufuta.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimeuzwa, yeye akapewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaheri. Akanunua runinga na mashine ya gemu, akafungua banda la gemu sebuleni kwake. Vijana walipenda gemu moja tu, ile ya mungu wa jua na vita, jitu la dhahabu lisilo na kope, linalowateka askari wa mchezaji na kuwafanya askari wake. Vijana wakienda shule, nyumba ilibaki na mtu mmoja.

Sasa sikia kosa lake. Katika gemu ile, mchezaji humpa askari wake jina. Juzi yake, upweke ulipomzidi, Josephina aliandika ANDREA, jina la mumewe aliyekwenda vita vya Kagera na asirudi, hata mwili. Masikini, hakujua kucheza. Mungu wa jua akamteka askari huyo papo hapo.

Na sasa, kitambaa kingali mkononi, runinga ikajiwasha bila umeme. Chumba kikanuka baruti na jasho la sare. Askari mdogo akageuka, akamtazama.

"Fina," akasema kwa sauti ya Andrea, na hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. "Nina kiu."

Angekimbia. Lakini hamu ya kusemeshwa na mtu wake iliishinda hofu, akaleta maji, na maji yakakauka ndani ya bilauri huku akiyaona, na kila adhuhuri baada ya hapo jua likawa linatoka kwenye kioo cha runinga badala ya dirishani, likamchubua uso na mikono, likaunguza pazia, na nyuma ya Andrea lile jitu likasogea, likazidi kusogea, hata macho yake yasiyo na kope yakajaa kioo chote.

"Anataka uandike na jina lako," Andrea akanong'ona. "Tutakuwa pamoja."

"Nitaumia?"

"Sikudanganyi, Fina. Huku hakuna usiku."

Akaanza kuandika hivyo hivyo. Herufi zilikuwa karibu kutimia pale Pili aliposukuma mlango. Vijana walikuwa wamemwambia kwamba mama wa gemu anaungua ndani ya nyumba. Pili ni Mnyamwezi, mtani wa Waluguru, kabila la Josephina na mumewe, na kazi ya mtani msibani inajulikana: humdhihaki marehemu mpaka wafiwa wacheke, matanga yakavunjwa salama na marehemu akaenda kupumzika. Mwaka ule wa vita Josephina alimkatalia. Hakuna mwili, alisema, basi hakuna msiba.

"Usiingie, mtani," akanong'ona sasa. "Mungu huyu atakuona."

Pili akaingia. Alitandika mkeka mbele ya yale macho, akaketi, akamgeukia askari.

"We Andrea! Mluguru mwoga we! Si wewe uliyepanda juu ya meza siku ya harusi yako kwa kuogopa chura? Leo unajiita askari! Na huyo mungu wako, kweli kakosa watu mpaka akuokote wewe?"

Josephina akauma midomo. Akamwona tena yule chura, na suruali ya kuazima ikimpasukia bwana harusi mbele ya padri. Kicheko kikamtoka, kikubwa, hakikuzuilika. Kwenye kioo Andrea naye alikuwa akicheka. Jitu likapiga ukelele, kioo kikapasuka, chumba kikapoa.

"Amekwenda," Pili akasema.

"Nilikuwa naye, Pili. Sasa hivi nilikuwa naye."

"Najua, mtani. Lia."

Josephina akaketi mkekani, akajifunga khanga kichwani, akalia kwa sauti iliyofika barabarani. Majirani wakaja mbio, wakauliza nani amefariki.

"Mume wangu," akawajibu.