Kigae Ndani ya Pampu

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumamosi, mashine ya kuoshea vyombo ilizimika yenyewe. Ilikuwa imefanya kazi kwa dakika kumi na tisa. Sindano aliandika muda huo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hesabu, chini ya mistari mingine mitano, kisha akagusa bati la chini la mashine, mahali ilipokaa mota. Aliondoa mkono haraka. Lilikuwa la moto.

Sindano alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina hilo alipewa na kaka yake kwa sababu ya wembamba wake na pia, alidai kaka, kwa sababu akizungumza huchoma. Nyumbani walikuwa wanne: wao wawili, baba yao, na bibi mzaa mama. Wa tano, mama, alikuwa muuguzi katika hospitali ya nchi nyingine, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili huko. Mashine aliinunua yeye kabla ya kuondoka, kwa kuwa vidole vya bibi vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi na havikuvumilia tena maji wala sabuni.

Mkataba wa mama ulibakiza wiki tisa. Tarehe ya kurudi kwake ilizungushiwa duara kwenye kalenda ya jikoni, na kila asubuhi Sindano alihesabu siku zilizosalia kabla hata ya kupiga mswaki. Lakini Jumamosi iliyotangulia, baba alipomweleza mama kwa simu kwamba mashine inasumbua, mama alisema kwamba ikiwa imekufa ataomba miezi mitatu zaidi ya kazi, ili apate kununua nyingine. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Hiyo ndiyo iliyomtisha Sindano. Mama hupiga simu kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Zilibaki saa nne kasoro dakika kumi.

Fundi alifika saa tisa. Alikuwa mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani, kwa kuwa alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Kaka alimuuliza kama ile ya kichwani ni ya kuonea watu wanaokuja nyuma.

“Ni ya kuonea vijana wanaouliza maswali badala ya kuleta tochi,” alijibu fundi, na kaka akaenda kuleta tochi.

Fundi alilisoma daftari la Sindano mara mbili. Kila mara mashine ilifanya kazi chini ya dakika ishirini, ikavuma kwa shida, ikazimika. Ikipumzika nusu saa, iliwaka tena. Fundi alieleza kwamba ndani ya mota mna swichi ndogo ya joto. Mota ikipata joto kupita kiasi, swichi hukata umeme ili nyaya zisiungue. Kuzimika, kwa hiyo, si ugonjwa; ni mota inajiokoa. Kinachotafutwa ni sababu ya joto.

Akaitafuta kwa mpangilio. Alipima umeme wa soketi kwa mita, ukawa sawa. Akachomoa plagi, akafunga bomba la maji, akailaza mashine na kupima nyaya za mota. Nazo zilikuwa sawa. Akaisimamisha, akamulika ndani kutokea juu: chujio lilikuwa safi, limekazwa mahali pake. Hapo akainua kichwa, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kulitoa chujio huku mna mifupa, vigae au kitu chochote kigumu.

Baba alisema yeye hulitoa na kuliosha kila Ijumaa, na hajaona kitu. Bibi alisema hapana. Kaka alisema hapana. Fundi akamgeukia Sindano. Sindano akatikisa kichwa.

Ukweli ulikuwa huu. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya mabakuli, palikuwa na kikombe cha mama, cha udongo mweupe, ambacho bibi alikataza kisiguswe mpaka mwenyewe arudi. Mara kadhaa mchana, nyumba ikiwa tupu, Sindano alipanda kiti, akakiteremsha, akanywea chai, kisha akakichanganya na vyombo vingine mashineni ili kirudi rafuni kikiwa kikavu, bila alama. Wiki tatu zilizopita kilipasuka humo. Alitoa chujio ili aokote vigae vyote, na kimoja kikamponyoka, kikadondokea kwenye tundu la pampu. Alikisikia kikigonga. Akarudisha chujio, akalikaza, akavifunga vigae vingine ndani ya gazeti na kuvitupa. Mashine ilianza kupata joto jioni ileile.

“Basi imebaki mota yenyewe,” fundi alisema, akianza kupanga bisibisi zake. “Imechoka. Na mota ya namna hii haitengenezwi tena. Tafuteni mashine nyingine.”

Baba aliitazama kalenda. Bibi alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni lake, polepole, kwa vidole vilivyokataa kushika kitambaa, akiyaelekea masufuria.

“Fundi, ngoja,” alisema Sindano. “Nimekudanganya.”

Akaeleza yote, tangu kiti hadi gazeti, huku akitazama sakafu. Alipomaliza, alisubiri bibi afoke. Bibi alivuta kiti, akaketi. Yeye humwita Sindano mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, na hata sasa hakuliacha jina hilo.

“Mke mwenza, ulikuwa unanywa nini humo?”

“Chai, bibi.”

“Ilikuwa tamu kuliko ya vikombe vingine?”

Sindano alifikiri, kwa kuwa swali lilitaka jibu la kweli. “Hapana. Ilikuwa ileile.”

“Najua,” alisema bibi. “Hata mimi niliwahi kujaribu.”

Fundi alikwisha kurudi mashineni. Alitoa chujio, akakausha maji kwa kitambaa, akafungua kifuniko cha pampu. Ndani mlikuwa na gurudumu dogo lenye mapanga, ambalo mota hulizungusha ili lisukume maji. Alimwambia Sindano alizungushe kwa kidole. Lilizunguka nusu, likakwama. Kwa koleo nyembamba fundi alichomoa kati ya panga na ukuta wa pampu kigae cheupe, kikubwa kama punje ya mahindi. Sindano alijaribu tena. Safari hii gurudumu lilizunguka lote, jepesi.

Waliiwasha saa kumi na moja na dakika ishirini. Hakuna aliyeondoka jikoni. Dakika ya kumi na tisa ilipita, ya ishirini ikapita, ya thelathini ikapita. Fundi aligusa bati la chini, akaacha kiganja palepale.

“Kosa moja ni langu,” alisema. “Niliona chujio safi, nikaamini halijapitisha kitu. La pili ni lako, mwanangu. Kikombe si kosa kubwa, vikombe huvunjika. Lakini fundi hutibu kile anachoambiwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ungenyamaza dakika mbili zaidi, mota nzima ingetupwa kwa ajili ya kigae kimoja. Ukiogopa kusema kweli, pima kwanza kimya chako kitamgharimu nani.”

Sindano aliitikia kwamba amesikia. Fundi akaaga, akaenda na bisibisi zake.

Simu iliita saa kumi na mbili kamili. Baba alisema mashine imepona na tarehe ibaki ileile. Kisha akampa Sindano simu, na Sindano, bila kungoja kuulizwa, akamsimulia mama habari za kikombe. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea. Alimwomba tu aisogeze simu karibu na mashine.

Sindano akapiga magoti, akaiweka simu kwenye mlango wa mashine. Ndani maji yalikuwa yakipiga sahani. Mama aliendelea kusikiliza. Mashine ilimaliza kazi yake saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, na mpaka hapo simu ya mama ilikuwa bado hewani.