Gari la Mwalimu Haliuzwi kwa Kauli

Sogezeni viti, wanangu, na mwenye gari la kuuza asogee karibu zaidi. Haya yalimpata mwanamke mwenye akili zake timamu, kwa hiyo asije mtu akasema hayawezi kumpata yeye.

Jumamosi hiyo asubuhi ilikuwa tulivu. Mama Pindo alikuwa akifuta kioo cha gari kwa kipande cha shati kuukuu. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu mtaa mzima hapakuwa na fundi mwingine aliyekunja pindo la suruali likakaa kama lake. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, mwalimu wa hesabu, na kadi ilikuwa imeshahamishiwa jina la mjane. Lilikuwa dogo, jeupe, lenye mkwaruzo mmoja ubavuni ambao mwalimu aliupata akikata kona kwa madaha mbele ya wanafunzi wake. Mama mkwe alikaa kizingitini akimenya vitunguu saumu na kumwelekeza palipobaki alama.

"Hapo juu, mwanangu. Juu zaidi. Ah, umeshapapita."

Wawili hao walikuwa wamekubaliana kwamba gari liuzwe, na sababu ilikuwa goti. Kwa miaka ishirini na miwili Mama Pindo alishona kwa cherehani ya kukanyaga, na sasa goti la kulia lilikuwa limesema basi. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba akikanyaga mwaka mmoja zaidi atatembelea mkongojo. Ilitakiwa cherehani ya umeme, ile nzito inayotoboa jinzi kama karatasi. Bila hiyo kazi imekwisha, na kazi ndiyo iliyowalisha wanawake wale wawili. Gari lile ndilo lililokuwa cherehani yao, ila halikuwa limebadilishwa bado.

Mara honi ikalia nje. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, na kando yake mwanamume aliyevaa miwani ya jua hata kivulini. Huyu alikuwa dalali mwenye yadi ya magari barabara kuu. Watu walimwita Mkataba, kwa kuwa hakuwahi kuandika hata mmoja. Ukimwomba karatasi hujipiga kifua akasema neno lake ndilo mkataba.

Mkataba alilizunguka gari, akalipiga tairi teke kama anayemwamsha mlevi, akafyonza. Alisema soko limelala, lakini kwa heshima ya marehemu atalipokea. Gari likae yadini kwake mali kauli, yaani bila maandishi, akiuza analeta pesa. Alichohitaji ni ufunguo, kadi ya gari, na ile fomu ya kuhamisha umiliki iwe imetiwa saini kabisa, jina la mnunuzi na bei viachwe wazi. Eti mteja mwenye pesa mkononi hapendi kungojeshwa.

Makanika aliyelitunza gari hilo tangu enzi za mwalimu alikuwa amepita kusalimia. Aliinama kama anayetazama tairi, akamnong'oneza Mama Pindo kwamba kadi ya gari haikai mfukoni mwa mtu mwingine. Ulikuwa wema mkubwa, maana makanika huyo alipata kazi nyingi kutoka yadi ya Mkataba.

Mama Pindo akauliza kwa sauti ndogo kama wangeweza kuandikiana japo mistari miwili. Shemeji yake akakunja uso.

"Shemeji, ukimwandikisha mtu mzima unamwambia ni mwizi. Na mimi ndiye niliyemleta. Kwa hiyo mimi nani? Kaka wa mwizi?"

Basi, wanangu, yule mwanamke aliona haya. Alimwona shemeji yake amesimama pale na sura ya marehemu, paji lile lile, masikio yale yale, akaona kukataa ni kama kumfukuza mumewe mlangoni. Akatia saini. Akatoa ufunguo na kadi. Mama mkwe alikuwa ameacha kumenya vitunguu.

Mkataba aliahidi wiki moja. Wiki ikaisha, akasema kesho. Kesho ikazaa kesho, na kesho hizo zikapata wajukuu. Shemeji akipigiwa simu alikuwa mkutanoni, ingawa kazi yake ya kuuza vigae haikujulikana kuwa na mikutano. Huku nyumbani Mama Pindo alikanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, na mapindo yakaanza kwenda upogo.

Wiki ya nne alitia kazi yake ya mkono kwenye kikapu, akachechemea mpaka yadini.

Hakulitambua gari mara moja. Redio haikuwepo. Matairi mawili mapya ambayo mwalimu aliyanunua mwezi mmoja kabla ya kuugua yalikuwa yamegeuka kuwa vipara. Viti vilinuka samadi, kwa maana Mkataba alikuwa akilikodisha kubebea mbolea. Lakini kilichomsimamisha pale ni dashibodi. Namba za kilomita zilisoma elfu themanini.

Alikumbuka siku zilipofika laki mbili. Mwalimu aliegesha pembeni ya barabara, akamlazimisha apige makofi, naye akapiga huku akicheka mpaka machozi. Sasa kuna mtu alichukua bisibisi akazifuta safari zao zote, kama anayefuta ubao.

Wakati huo huo Mkataba alikuwa akimsifia mteja mmoja gari hilo hilo. Alimwambia lilikuwa la bibi mmoja aliyelitoa mara moja kwa wiki kwenda kliniki, na kwamba ndani mna utulivu wa maktaba.

"Mimi ndiye huyo bibi," alisema Mama Pindo. Hakupaza sauti. "Limetembea zaidi ya laki mbili. Gia ya pili inaruka. Na juzi lilikuwa limebeba mbolea, kama pua yako haijakuambia."

Mteja alimtazama, akamtazama Mkataba, akakumbuka kwamba ameacha kitu mahali fulani. Akaondoka.

Mkataba alivua miwani. Alimwambia kwamba amemharibia biashara, kwamba sasa gari hilo thamani yake ni nusu kutokana na hali yake, na kwamba yeye hazungumzi na mwanamke juu ya magari. Akamwite shemeji yake.

Hapo haya zikamwisha mwanamke yule. Alifungua mlango wa dereva, akakaa, akaupumzisha mguu wake, akatoa suruali kikapuni na kuanza kushona pindo kwa mkono.

"Nipe kadi yangu na fomu yangu."

"Mama, shuka. Nitaita polisi."

"Waite. Nipo, na uzi ninao wa kutosha."

Mkataba hakuita polisi, na nyinyi mnajua kwa nini. Alidhani atachoka. Lakini kila mteja aliyeingia alishangaa kumwona fundi cherehani ndani ya gari, akaenda kumwuliza kulikoni, naye akamweleza taratibu, bila tusi hata moja. Wa kwanza akaondoka. Wa pili akaomba kutazama namba za kilomita za gari alilolitaka, akazitazama sana, kisha naye akaondoka. Wa tatu alikuwa na suruali ndefu kuliko miguu yake. Mama Pindo alimkunjia pale pale, akakataa malipo. Kufikia saa saba mchana yadi ilikuwa imeuza pindo moja tu, na hilo lilitolewa bure.

Saa nane makanika akatokea, amemshika mkono mama mkwe, na chupa ya chai kwapani. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia mtaani, akafunga gereji yake, akaenda kumchukua mzee. Mama mkwe akaingia kiti cha nyuma, kilivyonuka mbolea hivyo hivyo, akatandika khanga, akakaa.

"Endelea kushona, mwanangu," alisema. "Mimi nitatazama mlango."

Mkataba aliposhindwa alimwita shemeji mwenyewe. Akaja mbio, jasho limemtoka, akianza kusema kwamba familia inaaibishwa barabarani. Mkataba, ambaye siku ilikuwa imemkaa kooni, akamkatiza. Alisema yeye hana deni na mtu. Kama wanataka kujua mchawi ni nani, wamwulize huyo huyo, maana cha juu chake, yaani ujira wa kulileta gari hilo, alishapewa nusu kabla halijauzwa.

Mama Pindo alisimamisha sindano. Kumbe pesa ya kwanza ya gari la mwalimu ilikuwa imeshaliwa, na aliyeila ndiye aliyemwambia kuandikiana ni matusi.

Mama mkwe alishusha kioo.

"Kaka yako alikubeba mgongoni kukupeleka shule kwa sababu viatu vilikuwa jozi moja," alimwambia mwanawe. "Alivaa yeye, akakubeba wewe, ili usichomwe na changarawe. Leo mkewe anachechemea, nawe umekula juu ya mguu wake. Mpe karatasi zake. Kisha unipishe, nisikuone kwa siku chache."

Mkataba mwenyewe ndiye aliyekwenda ofisini. Alirudi na ufunguo, kadi na fomu, akavirusha juu ya boneti. Mama Pindo alishuka, akaichana ile fomu vipande vidogo, akavitia kikapuni ili asichafue uwanja wa watu. Redio, matairi, na betri nzuri iliyobadilishwa kwa mbovu havikupatikana. Makanika alilisukuma gari likawaka, akawarudisha nyumbani, na alipoulizwa gharama alisema atashonewa ovaroli siku moja.

Kesho yake Mama Pindo aliliegesha gari mbele ya chumba chake cha kushonea. Alichukua boksi, akaandika kwa kalamu nene na kulibandika kwenye kioo:

GARI LINAUZWA NA MWENYEWE. INJINI NZIMA. GIA YA PILI INARUKA UKIWA NA HARAKA. BETRI MBOVU, NZURI ILINYOFOLEWA. MATAIRI MAWILI VIPARA. NAMBA ZA KILOMITA NI UONGO, USIZISOME: LIMEVUKA LAKI MBILI. NJOO NA FUNDI WAKO. DALALI APITE SALAMA.

Mtaa ulicheka. Wapo waliopita kwa makusudi kusoma kwa sauti. Shemeji alipiga simu kulalamika kwamba watu wanasema ukoo wao hauna hata akili ya kuficha aibu ya gari.

"Waache wacheke," Mama Pindo alimjibu. "Wakimaliza kucheka watauliza bei."

Wiki ya kwanza hakuna aliyeuliza. Ya pili, wawili waliuliza wakataka kulipa bei ya vyuma chakavu, akawaonyesha njia. Goti liliuma, na mama mkwe akaanza kulikanda kwa maji moto kila jioni bila kuombwa. Siku moja Mama Pindo aliunyosha mkono kulibandua lile boksi. Mama mkwe akaushika mkono wake, akaurudisha chini.

Wiki ya tatu alikuja mwanamke muuza mayai, akasoma boksi lote, tena kwa kidole.

"Dada, hili umeandika wewe?"

"Mimi."

"Hiyo gia inaruka kiasi gani? Mimi nabeba mayai. Mayai hayapendi kushtuliwa."

"Hivi lilivyo, yatafika yamekwisha kuvurugwa, umebaki kuyatia chumvi," Mama Pindo alimwambia. "Litengeneze kwanza. Kaulize bei ya kutengeneza, ndipo urudi tuzungumze."

Muuza mayai akacheka sana. Akasema ameshaoneshwa magari saba, na yote saba yalikuwa mazima, matukufu, ya mabibi waendao kliniki. Hili ndilo la kwanza kuwa na ugonjwa unaojulikana, na ugonjwa unaojulikana una dawa. Kesho yake alileta fundi wake, akalilaza na kuliamsha, wakapatana. Hawakupeana hata sarafu barabarani. Walikwenda ofisi ya mtaa, wakaandikiana nakala mbili mbele ya mashahidi wawili, wakalipana dirishani benki, na siku hiyo hiyo wakaenda wote wawili kuhamisha umiliki, jina la mnunuzi na bei vikiwa vimejazwa mbele ya macho yao. Muuza mayai alipoondoka alishusha kioo na kumshukuru. Mama Pindo alibaki amesimama mpaka gari jeupe likakata kona, polepole, tofauti kabisa na mwalimu.

Pesa haikutosha cherehani mpya. Vile vitu vilivyonyofolewa yadini vilishusha bei, hilo tusilifiche. Alinunua iliyotumika, na kabla ya kulipa aliijaribu kwa kushona jinzi ya mikunjo minne palepale dukani huku muuzaji akihema. Asubuhi ya kwanza ilipowashwa nyumbani, mama mkwe aliisikiliza kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mbona inaongea kuliko mwalimu?"

Wakacheka wote wawili mpaka Mama Pindo akakosea mshono, akaufumua, akauanza upya, na goti lake limetulia chini ya meza.

FUNZO

Wanangu, mali ikiuzwa, macho ya mwenyewe yawepo. Ufunguo unaweza kumpa mtu alijaribu gari, na wewe ukiwa umekaa kando yake. Kadi usimpe. Fomu yenye nafasi tupu usiisaini hata kama aliyekushikia kalamu mlinyonya ziwa moja, maana nafasi tupu hujazwa na mwenye tamaa. Mtu mwema hakasiriki akiombwa karatasi, yeye ndiye huitaka kwanza.

Na wewe unayeuza, sema ubovu wa gari lako. Utachelewa, watakucheka, wengine watakupa bei ya chuma. Kaa hapo hapo. Atakuja mmoja aliyechoka kudanganywa, naye anakutosha, kwa kuwa gari ni moja.

Mwisho nawaambia wajane, na wote wanaoambiwa kwamba kuuliza ni kukosa adabu: ulizeni. Ulizeni mkiwa mmesimama, na miguu ikiuma, ketini ndani ya gari lenu muulize mkiwa mmekaa. Kuona haya ni vazi zuri, lakini likikubana, fumua pindo.