Mawe ya Korongo la Kisaju

Nilitoka nyumbani Kitengela saa kumi na moja jioni, Jumamosi moja ya Agosti 2002, nikiwa na mfuko wa chokaa mgongoni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kesho yake, baada ya ibada, sisi wapenda baiskeli za gia tulikuwa na mashindano yetu ya kwanza, na mimi Wanyonyi ndiye niliyekabidhiwa njia. Nilitakiwa kupaka alama nyeupe kwenye mawe na vichaka ili mtu asipotelee malishoni.

Njia ilifuata vijia vya ng'ombe, ikipanda na kushuka vilima vya nyasi hadi karibu na Isinya. Aliyenifundisha kuipita ni Gakuru, rafiki yangu, fundi wa baiskeli. Mwaka uliotangulia nilianguka huko nikateguka kifundo, na Gakuru akanisukuma juu ya baiskeli yake mpaka barabarani, jua la saa saba likituchoma, yeye akipiga mluzi. Huyo ndiye Gakuru. Naomba mumkumbuke hivyo ninapoendelea.

Palikuwa na mahali pamoja pabaya. Ng'ambo ya Kisaju, chini ya mteremko mrefu, korongo jembamba lilikata njia. Kila mtu alilazimika kushuka na kubeba baiskeli begani. Nilikuwa nimelitengeneza siku iliyotangulia, Ijumaa. Hatua chache kutoka hapo nilikuta rundo la mawe linalofika kiunoni, nikadhani ni la mtu aliyenunua ploti na hajaanza kujenga. Miaka ile nani hakuwa na rundo la mawe Kitengela? Nikatazama huku na huku. Hakuna mtu. Nikabeba nusu ya rundo, nikajaza korongo, na juu yake nikatengeneza kituta cha kurukia.

Yaani niliiba nikijua naiba. Sikujua tu ni mawe ya nani.

Kitu kimoja kilinishangaza. Katikati ya mawe palichomekwa vishungi vya nyasi. Vingine vilikuwa vikavu, vingine vibichi kabisa, vya asubuhi ile. Nikavitupa.

Sasa Jumamosi hiyo nilifika juu ya mteremko jua likigusa vilima vya Ngong. Upepo ulikuwa umetulia. Nikaachilia breki nishuke.

Baiskeli ikawa nzito.

Nzito... kwenye mteremko! Tairi la nyuma lilibonyea kama mtu amekalia. Lakini baiskeli yangu haikuwa na keria. Hapakuwa na pa kukaa.

Nikakanyaga pedali. Cheni ikalia. Ndipo harufu ikaja... maziwa ya kibuyu, moshi, ngozi ya ng'ombe iliyolowa mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Kisha kikohozi. Kidogo tu. Nyuma ya sikio langu.

Sikugeuka. Nani angegeuka? Nilishuka mteremko ule nikinyonga pedali kama napanda mlima, jasho likiniingia machoni, mpaka nikafika korongoni. Na pale, juu ya mawe yaliyobaki, alikuwa ameketi mzee. Shuka lake lilikuwa limepauka. Fimbo ililala magotini.

"Sopa," nikamsalimu kwa Kimasai, kama nilivyozoea kuwasalimu wazee wa huku.

"Kijana," akasema polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Nyumba yangu imebomolewa. Ni nani?"

Nikatazama miguu yake. Ilikuwa juu ya nyasi. Nyasi hazikulala.

"Sijui, mzee."

Akangoja. Nzi mmoja alitembea shavuni mwake, akaingia puani, hakutoka. Mzee alikuwa mbele yangu, naapa, lakini uzito ulikuwa bado uko nyuma, kwenye tairi.

"Ni nani?"

"Ni Gakuru," nikasema.

Hakunishika. Hakunitisha. Hakuinua hata fimbo. Ningeweza kuishia hapo, lakini woga wangu ulikuwa na mdomo mrefu.

"Gakuru fundi wa baiskeli. Kitengela. Geti ya kijani, nyuma ya posho mill."

Uzito ukatoka. Tairi likainuka. Nilipotazama tena rundoni hapakuwa na mtu, na kitu kinachonitia aibu zaidi kuliko vyote ni hiki: nilifurahi. Niliendesha mpaka nyumbani nikifurahi. Mfuko wa chokaa ulibaki umejaa.

Jumapili tulianza mashindano saa nane. Mimi nilisimama juu ya mteremko kati ya watazamaji, na kitambaa chekundu mkononi, kuwaonya wapunguze mwendo. Gakuru alitokea wa kwanza, amewaacha wenzake mbali, anapiga mluzi wake. Ningepunga kitambaa. Ningepiga kelele tu, "Gakuru, simama!" Mkono wangu ulibaki chini.

Akanipita. Akafika kwenye kituta, akaruka vizuri sana, akatua ng'ambo. Hakuanguka. Nikavuta pumzi.

Kisha akapunguza mwendo. Akasimama. Akashuka, akainama kutazama tairi la nyuma, akageuka kutuangalia sisi juu kule.

"Nani amenikalia?" akapaza sauti akicheka.

Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mgongo wa Gakuru ulianza kupinda mwezi uliofuata. Alipigwa picha hospitalini, mfupa ukaonekana mzima. Akapewa dawa za kuchua, akaombewa, akafungwa mkanda. Kufikia Krismasi alikuwa anatembea akitazama vidole vyake vya miguu, na kibanda chake cha ufundi kilikuwa kimefungwa.

Nilimuuliza Moses, Mmasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Nilimuuliza kwa kuzunguka, eti kuna rundo la mawe nimeliona kule Kisaju.

"Hiyo si mawe ya ploti," Moses akasema. "Kuna mzee amelala hapo. Mtu mkubwa. Ukipita unaongeza jiwe, ama nyasi, unaenda zako. Hata babu yangu aliongeza." Akanitazama. "Kuna mtu alitoa. Ni wewe?"

"Zii. Si mimi."

Akamimina maziwa taratibu. "Basi huyo alitoa arudishe na mkono yake. Na aseme jina yake. Isiwe ya mtu mwingine."

Jioni hiyo nilikwenda kumwona Gakuru. Mkewe, Shiro, alinifungulia geti la kijani. Gakuru alikuwa ameketi kitandani, kidevu karibu na magoti. Chumba kilinuka moshi na maziwa. Shiro hakuwasha moto wa kuni ndani ya nyumba hiyo hata siku moja.

"Anakuja giza likiingia," Gakuru akanong'ona. "Ananikalia hapa. Anauliza kama ni mimi. Nikisema si mimi, anasema ameambiwa."

"Ameambiwa nini?"

"Gakuru fundi wa baiskeli. Geti ya kijani, nyuma ya posho mill." Akajaribu kuinua uso anione, akashindwa. "Wanyonyi, mimi sijawahi kosea mtu. Nani anaweza kunifanyia hivi?"

Ilikuwa nafasi yangu. Maneno mawili tu.

"Sijui, ndugu yangu."

Shiro akaleta chai. Nilikunywa vikombe viwili.

Sikulala. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Kisaju mchana kweupe. Nilibomoa kituta changu, nikatoa mawe korongoni moja moja, nikayarudisha kwa mikono yangu mpaka kucha zikatoka damu. Nikang'oa nyasi mbichi, nikazichomeka. Nilipomaliza jua lilikuwa limezama na vilima vimekuwa vyeusi. Nikapiga magoti. Niliona haya hata mbele ya mawe.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyetoa."

Kisha harufu ile... Na pumzi, nyuma ya sikio.

"Wewe nani?"

Nikafungua kinywa. Jina langu nalijua. Nimeitwa Wanyonyi tangu nilipozaliwa, nimeliandika kwenye kila fomu.

"Gakuru," nikasema.

Nilijaribu tena. Nilijaribu mpaka machozi yakanitoka, na kila mara lilitoka lilelile, wazi kabisa, na kila mara yule aliye nyuma yangu aliguna kama mtu aliyeridhika. Halafu akaenda. Nilisikia nyasi zikisuguana kuelekea upande wa Kitengela.

Wapo watakaosema ulimi wangu ulishikwa. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini niliuhisi mdomoni, na ulikuwa mwepesi, kama ulivyokuwa siku ile ya kwanza.

Gakuru bado yuko hai. Mahali pale sasa pamejengwa nyumba za kupangisha, na rundo wamelizungushia seng'enge, hakuna anayepita kuongeza jiwe. Mimi ni shemasi sasa. Jumapili Shiro humleta Gakuru kanisani akimshika kiuno, naye hunitafuta, hunipa mikono yote miwili, ananiita ndugu yake na kunisihi nimwombee.

Nami humwombea. Nasimama mbele ya watu wote, nafumba macho, na kulitaja jina lake kwa sauti.