Misiba Tisa, Ajali Sifuri

Dobi ya hospitali huamka kabla ya madaktari. Saa kumi na mbili asubuhi mikokoteni ya mashuka machafu hushuka kutoka wodini. Watu kumi na mmoja huanza kuchambua: meupe huku, ya rangi kule, yenye damu kwenye pipa la dawa.

Mama Pacha alikuwa mchambuaji hodari. Mikono yake ililitambua shuka la wodi ya wazazi kwa kuligusa tu. Nyumbani alikuwa na mume wake, fundi viatu, na mapacha wao wa miaka sita. Walikaa pia na shangazi yake, mwanamke mwenye ulimi usiojua likizo.

Juu ya mlango wa dobi palikuwa na ubao wa siku zilizopita bila ajali. Msimamizi aliandika namba mpya kila asubuhi, kwa chaki na kwa mwandiko wa kadi ya harusi. Wafanyakazi walimpachika jina la Sifuri, maana kwenye daftari la ajali hakutaka kuona tarakimu nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Wizara ilikuwa imeahidi mashine mpya ya kufulia kwa idara itakayomaliza mwaka bila ajali, na mashine yao kuukuu ilitetemeka kama mgonjwa wa homa.

Jumanne hiyo ubao ulisomeka siku 358.

Saa tatu asubuhi Mama Pacha aliingiza mkono kwenye fungu la mashuka. Akahisi kama ameumwa na mdudu. Alipoutoa, sindano ilikuwa inaning'inia kwenye glavu yake nyembamba, ncha ikiwa ndani ya kidole.

Hakupiga kelele. Kitu cha kwanza kumjia akilini hakikuwa kidole. Kilikuwa ubao.

Sifuri aliiona sindano, akamvuta kando. Alimletea sabuni mwenyewe, akafungua bomba, akamshikia mkono chini ya maji kwa upole wa baba. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba zimebaki siku saba tu, na kwamba lile ni tone moja la damu. Aende nyumbani apumzike siku mbili. Kwenye daftari la ruhusa angeandika kwamba amefiwa.

"Nani amekufa?" akauliza Mama Pacha.

"Chagua."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa dobi. Aliyeteleza alifiwa na binamu. Mpiga pasi wao, Bibi wa Pasi, alipoungua mkono kwa mvuke, alifiwa na mjomba. Kidonda kilipochelewa kupona, mjomba yuleyule akafa tena. Wenzake walimtania kwamba ukoo wake hauridhiki na kifo kimoja.

Mama Pacha akatafuta jamaa wa kumzika. Wazazi hawakuwepo tena. Mjomba hakuwa naye.

"Shangazi," akasema, na papo hapo akajuta.

Nyumbani alisema tu kwamba amepewa mapumziko. Akakaa kitandani akikitazama kidole. Tundu lenyewe halikuonekana vizuri, lakini mawazo yalimzunguka kichwani kama feni. Sindano ile ilikuwa imetoka kwa mgonjwa gani? Alikuwa na ugonjwa gani? Mapacha walipokuja kumkumbatia, aliwasukuma kando. Kisha akajichukia.

Saa tisa alasiri mlango ukabishwa. Alikuwa karani mpya wa dobi, ana siku tatu tu kazini na siri za pale hazijui. Alisimama na uso wa majonzi, mkononi ana mfuko wa sukari.

"Poleni sana kwa msiba wa shangazi," akamwambia aliyemfungulia.

"Shangazi yupi?"

"Wa Mama Pacha. Tumeambiwa amefariki asubuhi."

"Alikuwa anaumwa?"

"Wanasema ni ghafla tu."

"Maskini," akasema shangazi, akaupokea mfuko wa sukari. "Karibu ndani, mwanangu. Marehemu ni mimi."

Karani alitafuta kiti bila kukaribishwa mara ya pili.

Shangazi aliingia chumbani na maneno yake tayari mdomoni. Alipomwona Mama Pacha analia, akayameza. Mama Pacha akamwaga yote: sindano, ubao, ruhusa ya uongo. Shangazi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika nyumba ile.

"Kuniua nimekusamehe," akasema. "Lakini wewe hutakufa kwa ajili ya chaki. Vaa viatu."

Walifika dobi saa kumi. Walimkuta mgeni, mama mwenye miwani, ametumwa na ofisi ya wizara inayopima jinsi idara za serikali zinavyoendelea katika usalama na afya kazini. Mbele yake palikuwa na madaftari mawili, la ajali na la ruhusa. Kando yake alisimama Sifuri, jasho likimtiririka.

"Idara hii inanitia huruma," mpimaji alikuwa akisema. "Watu kumi na mmoja. Mwaka karibu mzima, ajali sifuri. Lakini misiba tisa. Kila siku arobaini mnazika mtu."

"Huyo wa tisa ni mimi," shangazi akasema kutoka mlangoni. "Nimekuja kujiondoa kwenye hesabu."

Bibi wa Pasi aliuficha uso wake ndani ya foronya. Shangazi akauinua mkono wa Mama Pacha na kueleza. Mpimaji akayafunga madaftari.

"Saa ngapi imekuchoma?"

"Saa tatu asubuhi."

"Haya mengine yatasubiri. Twende kliniki sasa hivi."

Njiani alimweleza taratibu. Sindano iliyotumika inaweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Mara nyingi aliyechomwa hapati kitu, lakini hakuna anayejua kwa kujitazama. Kuosha kwa sabuni na maji ni sawa, ila hakutoshi. Ipo dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Inatakiwa ianze mapema kabisa, ndani ya saa chache ikiwezekana. Siku tatu zikishapita, haitolewi tena.

"Mimi nilipewa ruhusa ya siku mbili," Mama Pacha akasema.

"Ungebakiwa na siku moja. Na hiyo moja ungeimaliza kwa kuogopa."

Muuguzi alimpima damu, akamchoma chanjo ya homa ya ini, akampa vidonge vya siku ishirini na nane. Akamwagiza arudi kupimwa baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Jioni Mama Pacha alimweleza mume wake kila kitu. Fundi viatu akauliza vidonge vinamezwa saa ngapi, na tangu hapo hakuacha kumkumbusha hata siku moja.

Kesho yake mpimaji aliwakusanya wote. Sifuri alisimama kabla hajaulizwa.

"Andika jina langu, mama. Wengine waache. Nilitaka mashine."

"Kosa lilianzia kwetu," mpimaji akajibu. "Tuliwauliza swali moja tu, wangapi wameumia, na zawadi tukaifunga kwenye jibu. Mkajifunza kuficha."

Akawaambia maswali yamebadilika. Sasa ofisi yake ingetaka kujua wameripoti hatari ngapi, ngapi zimerekebishwa na kwa siku ngapi. Na aliyeumia, alipata matibabu baada ya muda gani?

"Tukiripoti nyingi si tutaonekana hatufai?" akauliza Bibi wa Pasi.

"Mwanzoni namba itapanda. Hapo nitajua midomo imefunguka. Ikibaki sifuri, ndipo nitakuja mbio."

Mwezi wa kwanza walileta ripoti thelathini na moja. Sifuri alizihesabu huku ameshika kifua. Kumi na mbili zilikuwa za sindano kwenye mashuka, na karani akagundua kwamba kumi zilitoka wodi moja. Walipopanda kuangalia, walikuta sanduku la kutupia sindano liko mwisho wa korido. Muuguzi mwenye mikono iliyojaa aliiacha sindano kitandani ili arudi, na hakurudi. Masanduku yakafungwa kwenye kila toroli la dawa. Glavu nene zikaletwa. Mwezi wa pili zilipatikana sindano nne. Mwezi wa tatu, hata moja, na daftari lilikuwa limejaa mambo mengine. Mashine mpya haikuja. Ile kuukuu, ilipoandikwa kuwa hatari, fundi aliikaza sakafuni kwa boliti, ikatulia.

Miezi mitatu ilipotimia, Mama Pacha alirudi kliniki. Akasomewa majibu: yuko salama. Papo hapo akateremka kwenda kuwaambia wenzake.

Alipoingia tu, alimwona Sifuri akikanyaga maji, akiteleza na kutua chini kwa makalio. Alibaki amekaa sakafuni, ameshika kiuno, uso umekunjamana.

"Leteni daftari," akasema. "Andikeni upesi, kabla sijapata akili ya kudanganya. Na bomba hilo linavuja, nalo liandikeni."

Mama Pacha akachukua kalamu, akauliza ni saa ngapi, aiandike.