Karatasi ya Kufungia Maandazi

Mwezi wa nane huku Matiri ni baridi ya kuuma masikio, na ndio mwezi wa kuvuna kahawa. Jua lilikuwa likichomoza mama ameshaepua karai la kwanza la maandazi, kwa sababu wavunaji hupita mapema na madereva wa malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka hawapendi kusubiri. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kufunga. Maandazi mawili, karatasi moja, mteja anaondoka.

Karatasi tulizipata kwa Baba Placidi, mwenye steshenari pekee pale senta. Zilizochapwa vibaya alizitupa kwenye boksi, na kila Jumamosi nililibeba boksi hilo mpaka nyumbani. Nilizikata kila moja nusu kwa kisu cha jikoni, ambacho ni butu na huacha ukingo wenye meno. Sikuwahi kuzisoma. Nani ana muda wa kusoma karatasi ya maandazi?

Naitwa Hildegardi. Mwaka huo nilikuwa darasa la sita, na afadhali niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyongo. Ukinikanyaga leo mguuni, Pasaka nitakuwa bado nakumbuka kilikuwa kiatu cha rangi gani.

Dada yangu Celestina alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Likizo ile alirudi nyumbani kutusaidia kuvuna, na Jumapili alifundisha kwaya ya vijana kigangoni. Siku moja chuo kiliweka matokeo kwenye mtandao. Celestina akaenda kwa Baba Placidi, akafungua akaunti yake kwa neno lake la siri, akachapisha matokeo. Karatasi ya kwanza wino ulitoka hafifu, akachapisha ya pili, akarudi nayo ameikunja mkononi. Alikuwa ameshindwa somo moja, na alitakiwa kulirudia katika mtihani wa mwezi wa tisa, ule ambao wanachuo huuita sapu. Ni somo gani na alipata ngapi, sitaandika hapa.

"Nitawaambia watu mwenyewe nikishatulia," aliniambia. "Kwa sasa ni mimi, wewe na mama."

Haikupita wiki. Jumapili aliingia kwenye mazoezi ya kwaya, na vijana wa nyuma wakaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Mmoja akasema, "Mwalimu, wimbo huu tukikosea tutafanya sapu?" Wakaangua kicheko. Picha ya matokeo yake ilikuwa imeingia kwenye kundi la WhatsApp la vijana, imetoka simu moja kwenda nyingine, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuituma. Jina lake kamili lilikuwa pale juu, na alama zake chini yake.

Celestina alirudi nyumbani akajilaza kifudifudi. Kesho yake hakwenda kuvuna. Siku ya tatu akatuambia mimi na mama.

"Sirudi chuo. Na hiyo sapu sitaifanya."

"Wiki tatu zimebaki, mwanangu," mama akasema. "Tumekusomesha kwa kahawa mpaka mwaka wa pili, leo unaacha kwa ajili ya wakohozi?"

"Huko chuoni nako wameshaiona, mama. Picha haina mpaka."

Mama aliamini chuo ndicho kilichotoa siri. Alipanda mpaka kwenye ngoro za babu, yale mashamba yetu ya mashimo juu ya mlima, ambako mtandao hushika vizuri, akapiga simu ofisi ya rekodi za wanafunzi. Mimi nilimfuata nisikie akiwatolea uvivu.

"Mimi ni mama yake Celestina! Nataka kujua nani kaona matokeo ya binti yangu!"

"Shikamoo mama," sauti ya msichana ikajibu taratibu. "Samahani sana. Rekodi za mwanafunzi hatuzizungumzii na mtu mwingine, hata akiwa mzazi, mpaka mwanafunzi mwenyewe aridhie kwa maandishi."

"Nimembeba tumboni miezi tisa!"

"Naelewa, mama. Lakini matokeo ni yake. Mwambie apige mwenyewe."

Mama alikata simu akisonya. Baadaye Celestina alipiga mwenyewe. Walimuuliza namba yake ya usajili na maswali mengine matatu kabla ya kumjibu neno lolote, kisha wakamwambia akaunti yake ilikuwa imefunguliwa mara moja tu, siku ile ile, saa ile ile aliyokuwa steshenari. Basi siri ilikuwa imetokea hapa hapa Matiri.

Mimi sikuhitaji kuambiwa zaidi. Lidia, binti wa Baba Placidi, tulikuwa naye darasa moja. Mimi nilikuwa namba moja na yeye namba mbili, na kila mtihani tulihesabiana alama kama maadui. Alasiri baada ya shule alikaa steshenari kumsaidia baba yake. Nilimwona kabisa kichwani mwangu akiinua simu, akipiga picha, akicheka. Nikaapa kwamba Lidia atalia mbele za watu kama dada yangu alivyolia.

Nilianza na visasi vidogo. Nilimwambia kiranja kwamba Lidia hakufagia zamu yake, kumbe alikuwa amefagia. Nikawashawishi wasichana wasimpe zamu ya kuruka kamba. Alipoomba rula nilimwambia, "Kaombe kwa wapiga picha wenzako." Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. Hilo lilinitia hasira zaidi, kwa sababu nilijua anaigiza. Visasi hivyo vilinifurahisha kidogo, kisha njaa ya kingine kikubwa ikarudi pale pale.

Jumamosi nikaleta boksi la karatasi kama kawaida. Nilikata rundo zima, na kisu kilikuwa kimegusa ukingo wa karatasi nyingine nilipoona jina. Placidi, kaka yake Lidia! Yule ambaye baba yao humsifia kila mkutano wa kijiji kuwa ni mhandisi mtarajiwa. Alikuwa amepita nyumbani kwao siku chache kabla, akachapisha matokeo yake mwenyewe baba yake alipokwenda Mbinga, kisha akarudi mjini. Wino ulikuwa umepakaa upande mmoja, akaitupa hiyo. Mambo hayakuwa mazuri. Zaidi ya hapo sisemi.

Nawaambia ukweli, nilicheka peke yangu jikoni. Nilifurahi kuliko siku niliyopata namba moja. Niliificha karatasi ndani ya sweta, na Jumapili yote kanisani niliigusa na kuigusa tena, wakati padre akihubiri sijui nini.

Jumatatu, mapumziko ya saa nne, nilipanda juu ya benchi mbele ya darasa. Wenzetu walikuwa wanakula viazi.

"Jamani, kuna matokeo ya chuo kikuu!" nikapaza sauti. "Ya mhandisi wetu!"

Nikasoma jina. Nikasoma somo la kwanza na alama yake. Nikasoma la pili. Vicheko vikaanza, na nikamtafuta Lidia kwa macho ili nisikose kumwona akilia.

Hakulia. Alisimama na kiazi mkononi, akaja mpaka kwenye benchi, akaitazama karatasi.

"Umeitoa wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kaka hajatuonyesha. Hata baba hajui."

"Kwani mimi ni mwizi? Ilikuwa kwenye karatasi zetu za maandazi. Kwenye boksi la kwenu."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe. Kwenye boksi. Wino ulipotoka hafifu, Celestina alichapisha ya pili. Na ile ya kwanza je, ilikwenda wapi?

Nikaikumbuka ile picha, niliyoonyeshwa kwenye simu ya Celestina. Karatasi haikuwa nzima, ilikuwa nusu ya juu tu. Ukingo wake wa chini ulikuwa na meno. Pembeni kulikuwa na doa ambalo siku zote nilidhani ni kivuli cha kidole, na sasa vidole vyangu vyenye mafuta ya asubuhi vilikuwa vimeacha doa kama lile lile juu ya jina la Placidi. Picha ile ilipigwa na mteja aliyekula maandazi mawili akafungua karatasi. Na aliyemfungia ni mimi.

Nilishuka benchi. Lidia alikuwa ameanza kulia sasa, na nilichokuwa nimekisubiri wiki nzima hakikuwa na utamu wowote. Nilimpa karatasi. Aliikunja mara nne akaiweka mfukoni.

Mwalimu Gaudiosa, mwalimu wetu wa darasa, alikuwa mlangoni muda wote huo. Hakunichapa. "Utakwenda nyumbani saa nane kama wenzako," alisema. "Na utamwambia dada yako mwenyewe, kabla sijamwambia mimi." Ningependa zaidi fimbo.

Nilimkuta Celestina uani anaanika kahawa, mara ya kwanza kutoka nje tangu siku zile. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kuzigeuza kahawa kwa mkono.

"Kwa hiyo siku zote hizi nimemchukia Lidia, mtoto wa watu, bure," alisema mwisho. "Mimi nami nilikuwa napanga, Hildegardi. Nilikuwa napanga nimfanye nini."

"Nipige mimi."

"Nikikupiga wewe, Placidi anapata nini? Vaa kandambili. Tunakwenda."

Habari zilikuwa zimetutangulia. Baba Placidi alikuwa amesimama mlangoni mwa steshenari, macho mekundu.

"Shikamoo, Baba Placidi," tukasema wote wawili.

Hakuitikia. "Mmekuja kuangalia nilivyoaibika?"

"Tumekuja kuomba msamaha," Celestina akasema. "Mdogo wangu amekukosea. Na kwa sababu hiyo hiyo, mimi nami nimeaibika. Karatasi zetu, yangu na ya Placidi, zimetoka kwenye boksi lako, zikapita jikoni kwetu."

Mzee alilitazama boksi chini ya mashine. Lilikuwa limeshajaa nusu. Juu kabisa palikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu na nusu ya barua ya hospitali. Alikaa kwenye kiti, akatoa simu, akampigia mwanawe na kunipa mimi niongee. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kaka Placidi, ni mimi niliyesoma matokeo yako darasani. Nisamehe."

"Nilikuwa nakuja Jumamosi kumwambia baba mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nimeshajipanga nianzeje, niseme nini. Hiyo nafasi umeninyang'anya." Hakusema kama amenisamehe. Aliomba apewe baba yake, na wakaongea wao wawili sisi tukiwa nje.

Lidia alikuwa amekaa kwenye ngazi. Nilimwambia kuhusu zamu ya kufagia, kuhusu kamba, kuhusu rula. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtihani ujao nitakushinda, na sitakuonea huruma." Nikamwambia sawa.

Njiani Celestina alinishika bega. "Sikiliza, na usisahau. Kushindwa somo si aibu. Ningewaambia watu kwa mdomo wangu, siku niliyoitaka mimi, na nisingeumia hivi. Taarifa ya mtu ni mali yake, iwe nzuri au mbaya. Chuo kimemnyima hata mama aliyenizaa, halafu sisi tumeigawa na maandazi. Kuitunza si kazi ya chuo peke yake. Ni ya mwenye mashine, ni ya mfunga maandazi, ni ya kila anayeiokota. Ukikuta jina la mtu, mrudishie mwenyewe au choma. Usisome."

"Na kisasi?"

"Kisasi chako kimewapiga watu wawili ambao hawakukufanyia kitu. Ulikuwa na uhakika kabisa kwa sababu ulikuwa na hasira, hukuwa na ushahidi. Mwenye hasira aulize kwanza. Ungemuuliza Lidia swali moja tu, angekujibu."

Siku hizi mama anafunga maandazi kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa kwenye moto, na wateja wanasema yananukia vizuri zaidi. Baba Placidi ameweka pipa nyuma ya steshenari, na kila jioni huchoma karatasi zilizoharibika. Zamu ni ya Lidia, nami humsaidia Jumamosi. Huziweka kifudifudi. Mara nyingi macho yangu huwa yanawasha kutaka kugeuza moja, lakini naitia motoni. Aliyepiga picha ile hatujamjua mpaka leo, na nakiri kwamba kila mteja akija bado namkagua usoni.

Celestina alirudi chuo, akafanya sapu. Placidi naye ameanza upya kwa njia yake. Niliwaomba ruhusa wote wawili kabla ya kuandika haya, nao walisoma kwanza na kufuta walichotaka kufuta.

Matokeo ya sapu yalipotoka, Celestina alipiga simu kwetu. Kwanza aliongea na mama, kisha akaomba aongee nami, akanitajia alama yake sikioni. Nilipotoka uani, wavunaji watatu na dereva mmoja wa lori walikuwa wameacha kutafuna, wananitazama.

"Enhe," dereva akauliza, "dada kapata ngapi?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia, nikamfungia maandazi yake mawili.