Dakika Kumi za Nkwabi

Haya yalimkuta rafiki yetu Mayunga, fundi wa mtandao kwenye machimbo ya Genkuru. Mwenzake Nkwabi walimzika Jumanne, lakini jina lake lilibaki ndani ya swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mgodi, kama mtu aliyeingia na hajatoka. Enzi zake aliipanga isimtoe mtu kamwe, wenzake wasihangaike kuingia upya.

“Kaka, bosi kasema jina hilo likibaki leo, unafukuzwa,” alisema Luciana wa stoo.

“Nitamfungiaje mlango?”

“Basi mpe dakika kumi, atoke mwenyewe.”

Mayunga akaandika: asiyebonyeza kitu kwa dakika kumi, atolewe. Umeme wa taa ulikatika, feni za mitambo ya betri zikavuma gizani. Kwenye skrini, dakika za Nkwabi za kutobonyeza kitu zilipanda. Saba. Nane. Tisa. Mikono ya Mayunga ilikuwa mapajani. Mbele ya jina la Nkwabi hesabu ikarudi sifuri, na haikupanda tena.